Mashine ya Zamani ya Kusafisha Filamu za Rangi: Kuzunguka Sio Kupona



Leo tunaongea na wewe unayeuza vifaa vya mtumba mtandaoni: kamera za mkanda, lenzi, vitu vya studio. Na wewe pia unayefikiria kupokea filamu za watu na kuzisafisha kwa malipo. Tunachukua mashine moja tu, tunaifungua mpaka ndani. Hata kama biashara yako ni ya majiko au cherehani, soma mpaka mwisho, somo ni lilelile.

Mashine yenyewe ni ile ya kuzungusha, ya kusafishia filamu za rangi. Maarufu zaidi ni za Jobo, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1923 na Johannes Bockemühl. Jina la kampuni limetoka kwenye herufi mbili za mwanzo za majina yake yote mawili. Matoleo ambayo utakutana nayo sana kwenye masoko ya mtumba ya Ulaya na Marekani ni CPE-2, CPA-2 na CPP-2. Nyingi zimekaa stoo miaka. Mwenye nayo ameacha kupiga filamu au ametangulia mbele za haki, familia inasafisha nyumba, wanaweka tangazo: "Inawaka, inazunguka, bei maelewano."

Hapo ndo pa kuwa makini. Kuwaka na kuzunguka sio kufanya kazi. Mashine hii kazi yake kubwa ni kutunza joto, kuzunguka ni nusu tu ya habari. Ukiiuza kwa sababu inazunguka, umeuza feni ya bei ghali.

INAFANYAJE KAZI?

Ni beseni la plastiki lenye maji ya moto. Ndani kuna hita, pampu ndogo ya kuyachanganya maji, na nafasi za chupa za dawa. Upande mmoja kuna mota. Tangi lenye filamu linalala kwa ubavu juu ya maji, mota inalizungusha upande mmoja, inageuka, inalizungusha upande wa pili, hivyo hivyo mpaka muda uishe.

Kwa sababu tangi limelala na linazunguka, dawa kidogo tu inaipitia filamu yote. Angalia tofauti: tangi la Jobo namba 1520, linaloingia filamu mbili za milimita 35, linataka mililita 240 za dawa ukilizungusha kwa mashine. Tangi hilohilo ukilisimamisha na kulipindua kwa mkono linataka mililita 485. Kumbuka namba hizo, tutarudi kwenye hesabu.

KWA NINI JOTO NDO KILA KITU?

Filamu nyingi za rangi unazoziona madukani husafishwa kwa utaratibu unaoitwa C-41, ambao Kodak waliuleta mwaka 1972. Dawa ya kwanza, divelopa, inakaa na filamu dakika 3 na sekunde 15 kwenye nyuzi joto 37.8. Ruhusa ya kupanda au kushuka ni nyuzi 0.15 tu. Sio nyuzi mbili. Sio moja. Ni chini ya robo ya nyuzi moja.

Sababu ni kwamba filamu ya rangi ina tabaka tatu za rangi, moja juu ya nyingine. Joto likikosea, tabaka hazisogei kwa mwendo mmoja. Picha inakuja na kijani kwenye vivuli na uwaridi kwenye mwanga, na hata ukichezea rangi kwenye kompyuta, ukirekebisha huku unaharibu kule. Blichi na fiksa zinazofuata sio wakali hivyo, zinavumilia kuanzia nyuzi 24 mpaka 41. Mkali ni divelopa.

Sasa fikiria mteja amekuletea filamu iliyopigwa siku ya harusi ya dada yake. Simu ikikosea unapiga tena. Filamu ikikosea kwenye dawa, hakuna kurudia. Hicho ndo unachokishika mkononi ukisema "mashine yangu ni nzima."

KABLA HUJALIPA: ULIZA HAYA MANNE

1. Umeme. Omba picha ya kibandiko cha nyuma. Mashine ya Ulaya itaandikwa volti 220 mpaka 240, hiyo ni ya kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, unabadilisha plagi tu. Ya Marekani itaandikwa volti 110 mpaka 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, hita inapewa volti mara mbili, na volti mara mbili maana yake nguvu mara nne. Inaungua. Itahitaji transfoma yenye uwezo wa kuibeba hita, na gharama hiyo iingie kwenye bei kabla hujasema "nachukua."

2. Mkono wa kuinulia. Baadhi ya mashine zina mkono wa pembeni unaomwaga dawa ya zamani na kupokea mpya bila kulitoa tangi. Zenye mkono hutumia kifuniko cha tangi chenye meno ya gia. Zisizo na mkono hutumia sumaku. Ukiletewa mashine ya mkono na matangi ya sumaku, mzigo haujakamilika.

3. Matangi na roli zake. Kuna familia ya 1500 na familia ya 2500. Roli za huku haziingii kule. Uliza namba, usikubali jibu la "yapo matangi."

4. Bomba jeusi la katikati. Kila tangi la filamu lina bomba jeusi linalopita katikati ya roli. Watu wanalidharau, wanadhani ni la kushikia roli tu. Kumbe ndilo linalozuia mwanga usiingie kupitia kifuniko. Likikosekana, filamu inaungua kwa mwanga huku wewe unahangaika na dawa. Ombea picha yake peke yake.

HATUA ZA KUIAMSHA

Mzigo umefika. Usikimbilie soketi.

Hatua ya 1: Iangalie ikiwa kavu. Pitisha vidole kwenye beseni kutafuta nyufa, hasa kwenye kona na kwenye mashimo ya skrubu. Minya mipira ya maji. Mpira uliokuwa mgumu kama mfupa badilisha, mpya ya kipimo hicho ni rahisi kupata madukani kuliko kukausha sakafu.

Hatua ya 2: Waya. Hapa ni umeme na maji chumba kimoja, hakuna mzaha. Kagua waya mzima, kagua kama waya wa ethi upo na umeshika. Fundi umeme apime kwa mita kama hita haivuji umeme kwenda kwenye maji. Na soketi utakayotumia iwe na kinga inayokata umeme ukivuja. Kama huna fundi wa kumwamini, hatua hii usiiruke, tafuta fundi.

Hatua ya 3: Ukoko wa chokaa. Maji ya miaka mingi yanaacha ukoko mweupe kwenye hita na kwenye pampu, kama ule wa ndani ya birika. Hita iliyovaa ukoko inachelewa kupasha na inaweza kujiunguza yenyewe. Jaza maji yenye siki nyeupe, acha saa kadhaa bila kuwasha, sugua kwa brashi laini, suuza mara mbili tatu. Usikwangue kwa kisu. Na kamwe usiwashe hita bila maji, hata kwa "sekunde mbili za kujaribu."

Hatua ya 4: Mota. Dalili tatu utakutana nazo. Ya kwanza: inanguruma lakini haizunguki. Mara nyingi ni girisi ya zamani iliyokauka ikawa kama gundi kwenye gia. Fungua, toa yote, paka mpya isiyokula plastiki. Usipulize oili ya kupenyeza ukaishia hapo, italegea siku chache halafu inarudi palepale. Ya pili: inazunguka upande mmoja tu au inakwama ikifika zamu ya kugeuka. Hapo tatizo liko kwenye swichi au bodi inayogeuza mwendo, kulingana na toleo. Ya tatu: inazunguka vizuri ikiwa tupu, inachoka ukiweka tangi. Gia imelika, au tangi limejazwa kupita kiasi. Kiwango cha dawa kimeandikwa kwenye tangi lenyewe. Kiheshimu, uzito wa ziada unaibeba mota yako.

Hatua ya 5: Usawa. Weka pima maji juu ya beseni, urefu na upana. Dawa ni kidogo, kwa hiyo mashine ikilala upande mmoja dawa yote inakusanyika huko, na filamu ya upande wa pili inabaki na kiu. Wengi wanalaumu dawa kumbe ni meza.

Hatua ya 6: Matangi. Tia maji yenye rangi ya chakula ndani ya tangi, funga, zungusha dakika 10. Maji ya beseni yakibadilika rangi, mpira wa kifuniko umechoka. Jaribio la bei ya soda, linakuokoa na dawa kuvuja katikati ya kazi ya mteja. Maliza kwa kusuuza tangi vizuri.

SASA JOTO LENYEWE

Jaza maji mpaka kiwango chake. Yakizidi, tangi linaelea na kuachia mota. Yakipungua, nusu ya tangi inakaa kwenye baridi. Weka chupa za dawa zikiwa na maji ya kawaida. Washa, weka kitufe kwenye 38, subiri mpaka taa ya hita ianze kuwaka na kuzima.

Usiamini namba ya kitufe. Kitufe cha mashine ya miaka 30 kinakwambia kilichokuwa kweli siku ilipotoka kiwandani. Pima mwenyewe, na upime ndani ya chupa ya divelopa, sio kwenye maji ya beseni. Maji yanawahi kupata moto, chupa inachelewa.

Kipimajoto gani? Hapa kuna habari njema. Kipimajoto cha homa cha kidijitali, kile cha duka la dawa, kimetengenezwa kuwa sahihi hapohapo kwenye nyuzi 37 na 38. Ndo kazi yake. Angalizo moja: vingi vinashikilia namba ya juu kabisa vilivyoiona, kwa hiyo zima na washa upya kila unapopima. Na kikishaingia kwenye dawa hakirudi kwa mtoto, kiandike "DAWA" kwa maka peni.

Andika joto kila baada ya dakika 5 kwa muda wa nusu saa. Karatasi yako itakupa moja ya majibu haya:

- Joto limetulia lakini sio 37.8, mfano 38.6 kila mara. Hii ni habari nzuri. Mashine ni nzima, kitufe kimehama. Sogeza kitufe mpaka chupa isome 37.8, weka alama ya rangi hapo.
- Joto linapanda na kushuka kama bembea. Thamostati imechoka au pampu haichanganyi maji. Anza na pampu, ni rahisi zaidi.
- Joto linapanda bila kusimama. Zima. Thamostati imeganda. Mashine hiyo haiuzwi kama nzima, hata kama inazunguka kama saa.

Faida yetu watu wa joto: maji ya bomba ya Pwani hayako baridi kama ya Ulaya, kwa hiyo hita inapata kazi ndogo. Changamoto yetu: umeme kukatika. Ukikatika katikati ya divelopa, usitoe tangi. Lizungushe kwa mkono, huku na huku, ukihesabu muda kwa simu. Beseni limejaa maji ya moto, haliwezi kupoa ghafla ndani ya dakika tatu. Fanya zoezi hilo siku ambayo huna kazi ya mtu.

FILAMU YA MAJARIBIO, NA JINSI YA KUISOMA

Sasa piga filamu yako mwenyewe isiyo na thamani: ukuta mweupe, anga, mtu mmoja kivulini na juani. Tangi lizunguke dakika 5 kwenye maji ya moto kabla ya dawa, ili tangi na filamu vipate joto lile lile. Kisha endelea na dawa kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Glavu mkononi, dirisha wazi, na fiksa iliyotumika usiimwage ovyo, ina fedha ile ya madini iliyotoka kwenye filamu.

Filamu ikikauka, usianze kuangalia picha. Angalia pembeni. Kiwandani huwa wanachapa kwa mwanga jina la filamu na namba za picha kwenye ukingo, na maandishi hayo yanatokea tu filamu ikisafishwa. Kwa hiyo:

- Maandishi ya ukingo yapo, makali, na picha zipo: mashine imefaulu.
- Maandishi yapo vizuri lakini picha hazipo: usafishaji ni sawa. Filamu haikupata mwanga kwenye kamera, pengine haikusogea au shata haikufunguka.
- Hakuna maandishi wala picha, filamu yote ni wazi: dawa ndo tatizo. Divelopa imekufa, au fiksa imetangulia.
- Maandishi yapo lakini hafifu, na picha nyembamba: joto au muda umepungua, au divelopa imechoka.
- Upande mmoja mzito, upande mwingine mwepesi: rudi hatua ya 5, angalia usawa.

Piga picha ya ukingo huo kwa kila kazi ya mteja. Siku mteja atakapokuja juu, "umeniharibia filamu," hutabishana naye. Utamwonyesha maandishi ya pembeni, mtaongea kama watu wazima. Na kama kosa ni la kwako, maandishi hayohayo yatakwambia mapema, kabla hujapokea filamu ya mtu mwingine.

HESABU KIDOGO

Tuseme, kwa mfano tu, dawa za lita moja zinakugharimu shilingi 120,000, na unatumia dawa mara moja na kumwaga. Kwa mkono, mililita 485 kila raundi, unapata raundi 2, filamu 4. Kila filamu imekula dawa ya shilingi 30,000. Kwa mashine, mililita 240, unapata raundi 4, filamu 8. Kila moja shilingi 15,000. Weka namba zako halisi, lakini nusu itabaki nusu.

Ndo maana mashine iliyothibitishwa ina thamani, na ndo maana isiyothibitishwa ni hatari. Filamu mbili kwa raundi moja zikiharibika, umepoteza dawa, umepoteza wateja wawili, na wao wamepoteza kumbukumbu ambazo huwezi kuzilipa kwa M-Pesa.

UKIAMUA KUIUZA

Tangazo lako lianguke kwenye moja ya makundi haya, na useme wazi ni lipi:

A. Haijajaribiwa. Bei ya chini, mnunuzi anajua anacheza.
B. Inazunguka na inapasha, joto halijapimwa.
C. Imethibitishwa: joto limepimwa nusu saa, matangi hayavuji, filamu imepita.

Kwa kundi C weka picha hizi: kibandiko cha volti, karatasi yako ya joto, video ya tangi likigeuka pande zote mbili, bomba jeusi la katikati, na picha ya ukingo wa filamu ya majaribio. Huhitaji maneno ya "mashine kali sana, wahi." Karatasi ya joto inaongea.

Na ukikuta kasoro, iandike. "Mkono wa kuinulia una ufa, umegundishwa, hauvuji." Mnunuzi wa vifaa hivi kwa kawaida ni mjuzi. Kasoro uliyoitaja yeye anaipigia hesabu. Kasoro aliyoigundua mwenyewe anaipigia simu.

Kufunga mzigo: mwaga maji yote, kausha siku nzima, toa matangi na chupa nje ya beseni, kila kimoja kifungwe peke yake. Beseni hupasuka kwa sababu ya vitu vizito vinavyorukaruka ndani yake njiani. Andika volti kwa herufi kubwa kwenye karatasi na uigundishe juu ya plagi, ili atakayefungua boksi aione kabla ya soketi.

LA KUONDOKA NALO

Kila kifaa cha mtumba kina kitu kimoja ambacho mteja anakinunua kweli. Friji ni baridi, sio taa ya ndani. Cherehani ni mshono, sio gurudumu kuzunguka. Mashine hii ni nyuzi 37.8. Kabla hujaposti kifaa chochote wiki hii, jiulize: mteja wangu ananunua nini hasa hapa, na nimekipima?

Save posti hii, mtumie mwenzako anayeuza kamera za mkanda. Na kwenye komenti tuambie: kwenye biashara yako wewe, "nyuzi 37.8" yako ni ipi?